Somo la Biblia: Ghala ya Tajiri na Msingi wa Nyumba



Somo letu la safari hii limo katika Injili ya Luka, mlango wa 12, tangu mstari wa 13 hata wa 21. Twawaomba, kabla ya kuendelea na ukurasa huu, mfungue Biblia zenu na kuisoma sehemu hiyo yote, tena kwa sauti kama mko pamoja na jamaa nyumbani. Sisi tuliokaa miaka mingi mbele ya ubao twajua jinsi wanafunzi wanavyolijibu swali kabla ya kulisoma. Hadithi ya yule tajiri mpumbavu twaijua tangu Shule ya Jumapili, na kwa sababu twaijua, mara nyingi hatuisomi.

Tazameni kwanza jinsi mambo yalivyoanza. Hayakuanza na tajiri. Yalianza na ugomvi wa urithi. Mtu mmoja katikati ya mkutano alimwomba Bwana Yesu amwamuru ndugu yake wagawane urithi wao. Hatuambiwi ni nani kati yao aliyekuwa na haki. Labda huyu aliyeomba alikuwa amedhulumiwa kweli; labda kaka yake alikuwa amekalia shamba lote na hati zote. Jambo hili si geni kwetu. Tumeona matanga hayajaanuliwa, na tayari watoto wa marehemu wamegawanyika makundi mawili juu ya kiwanja kimoja na nyumba ya mabati. Wanaitana mbele ya wazee, kisha barazani, kisha mahakamani, na mwisho wanamwendea kasisi wakisema, "Baba, tuamulie." Wengine hufika mpaka siku ya Ushirika Mtakatifu hawawezi kupiga magoti kwenye reli moja.

Bwana alikataa kuwa mwamuzi wao. Si kwamba haki ya urithi si kitu. Torati ilikuwa na sheria zake za urithi (someni Kumbukumbu la Torati 21:15-17), na waamuzi walikuwapo. Alikataa kwa sababu aliona ya kuwa hata kama angeligawa shamba lile kwa kamba, nusu kwa nusu, ugonjwa ungebaki palepale ndani ya wote wawili. Basi akawageukia watu wote, akawaonya wajilinde na tamaa, kwa maana uhai wa mtu hautokani na wingi wa vitu alivyo navyo. Ndipo akawapa mfano wa tajiri.

Mtu asiyeiba

Sasa mwangalieni vizuri tajiri huyu. Hakuiba. Hakuna neno hata moja katika Injili lisemalo ya kwamba alidhulumu mjane au alipunja mizani. Shamba lake lilizaa sana, na mvua na jua ni kazi ya Mungu. Aliona mavuno yamezidi nafasi, akafanya mpango wa kuvunja ghala ndogo na kujenga kubwa. Bwana shamba yeyote angemsifu, maana mahindi yakiachwa nje huliwa na panya na wadudu, nasi sote twajua hasara hiyo. Kuweka akiba si dhambi. Yusufu alijaza ghala za Misri kwa miaka saba (Mwanzo 41), na Maandiko yanatuambia Mungu alikuwa pamoja naye.

Basi kosa la huyu lilikuwa wapi? Hapa twaomba mtuvumilie tufanye kazi yetu ya zamani ya sarufi. Chukueni kalamu, mpigie mstari kila mahali tajiri anaposema "-angu". Mavuno ni yangu. Ghala ni zangu. Nafaka ni yangu. Vitu ni vyangu. Mwishowe hata nafsi ni yangu. Ngeli zinabadilika, mwenye mali habadiliki. Sasa mtafute mtu wa pili katika maneno yake. Hayupo. Mke hayupo, watoto hawapo, jirani hayupo, Mungu hayupo. Wale vibarua waliolivuna shamba hilo, maana shamba kubwa namna hiyo halivunwi na mtu mmoja, nao hawapo. Anajiuliza mwenyewe na anajijibu mwenyewe. Kwetu mtu akitaka kujenga huwaita walau wazee wawili wamwonyeshe mpaka. Huyu mzee wake wa shauri ni nafsi yake.

Yusufu alijaza ghala kwa ajili ya watu wenye njaa, wakiwamo ndugu zake waliomuuza. Huyu alijaza ghala ili apumzike, ale na anywe. Ghala ni ile ile, na pengine matofali ni yale yale.

Kisha usiku Mungu anasema naye, akimwuliza ni nani atakayekuwa mwenye vitu hivyo alivyojiandalia. Wengi hulipita swali hili upesi ili wafike kwenye kifo. Sisi twaona ndiyo shina la mfano wote. Vitakuwa vya nani? Kumbukeni ni nani anayesikiliza: ni mtu aliyetoka kugombana na ndugu yake juu ya mali ya marehemu baba yao! Jibu la swali la Mungu lilikuwa limesimama pale mkutanoni. Mtu hujenga ghala maisha yake yote, anakufa, na kesho yake watoto wake wanaitana mahakamani. Yamkini baba wa ndugu hawa wawili naye alisema siku moja, "Sasa nitapumzika." Urithi alioacha ukawa kisu kati ya wanawe.

Ghala za siku hizi

Huenda msomaji akasema, "Mimi sina ghala. Nina ekari mbili na mbuzi. Somo hili ni la wakubwa wa mjini." Ngoja kidogo, ndugu.

Ghala ni chochote mtu anachokitegemea kimwambie yeye ni nani. Kwa mmoja ni fedha. Kwa mwingine ni cheo, au elimu, au jina la ukoo. Kwa wazazi wengi sana wa siku hizi ni watoto wao. Nasi tumeishi katika kazi ambamo ghala hii ya elimu hujengwa, kwa hiyo twaifahamu kuliko nyingine.

Mtumishi wa serikali akifika miaka 60 hustaafu, apende asipende. Kuna siku ya kukabidhi ofisi. Unakabidhi funguo, unakabidhi muhuri, unakabidhi daftari la mali ya shule, unahesabu madawati pamoja na mrithi wako, unatia sahihi. Watu wanakula wali, wanatoa hotuba nzuri, wanakupa saa ya ukutani. Jumatatu asubuhi unaamka saa kumi na moja kwa mazoea na hakuna kengele ya kupiga. Watu waliokuwa wakisimama ulipopita wanakuita kwa jina la mtoto wako. Hili si jambo baya lenyewe. Ndivyo ilivyo, cheo ni dhamana. Lakini tumewaona wenzetu waliougua kwa siku hiyo kuliko kwa malaria. Walikuwa watu hodari, wenye vyeti, wakali kwa kazi. Waliponyang'anywa muhuri walikuwa hawana kitu kingine cha kuitwa. Wengine walikichukua kiinua mgongo chao chote wakanunua basi dogo ili jina lao liendelee kusomwa barabarani. Basi likafa injini mwaka wa pili. Hatusemi haya kuwacheka. Twasema kwa sababu vijana wanaosoma ukurasa huu wanadhani siku hiyo iko mbali.

Mtume Paulo alikuwa na vyeti. Katika Wafilipi 3:4-8 anavipanga kimoja kimoja kama mtu anayeomba kazi: kutahiriwa siku ya nane, kabila la Benyamini, Mwebrania wa wazazi Waebrania, Farisayo kwa sheria, asiye na lawama. Katika Matendo 22:3 anaongeza mahali alipopata elimu: miguuni pa Gamalieli, mwalimu aliyeheshimiwa na watu wote. Hivyo vilikuwa vyeti vya kweli, si vya kughushi. Kisha anafanya jambo ambalo karani wa hesabu angelishangaa. Anavihamisha vyote kutoka upande wa faida kuvitia upande wa hasara, kwa ajili ya kumjua Kristo. Angalieni anaandika akiwa wapi. Yumo kifungoni (1:13). Gerezani askari hakuulizi ulisoma kwa nani. Na barua ile iliyoandikwa na mfungwa ndiyo iliyojaa neno la furaha kuliko karibu nyaraka zake zote. Alikuwa na kitu ambacho mlango ukifungwa kwa nje hakibaki nje.

Canon Apolo wa Boga

Tusije tukasema hayo yaliwezekana kwa mitume tu, na tutazame mtu wa kwetu Afrika, tena wa Kanisa letu la Anglikana. Tarehe 30 Mei kila mwaka makanisa kadhaa ya Kianglikana hukumbuka kufa kwa Canon Apolo Kivebulaya. Wengi wetu twalisikia jina lake bila kujua alikuwa nani.

Alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864, akaitwa Waswa, jina wanalopewa pacha wa kiume. Ujana wake ulipita katika nyakati za vita vya dini nchini mwake, naye alishika silaha. Alibatizwa mwaka 1895 akachukua jina la Apolo. Jina Kivebulaya kwa Kiganda maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, na husimuliwa kwamba watu walimpachika kwa sababu ya koti jekundu la askari alilopenda kuvaa. (Majina ya utani hudumu kuliko majina ya ubatizo, walimu wote wanalijua hilo kwa uchungu.)

Mwaka 1896 alivuka milima ya Ruwenzori na mto Semliki akafika Boga, ukingoni mwa msitu mkubwa wa Ituri, kuwafundisha watu kusoma na kumjua Kristo. Ni muhimu tukumbuke aliacha nini nyuma. Siku zile Mkristo wa Buganda aliyejua kusoma alikuwa na njia nyeupe mbele yake. Wasomaji ndio waliokuwa wakipewa vyeo. Mwaka 1900, katika mapatano kati ya Buganda na Waingereza, machifu na wakubwa waligawiwa ardhi kwa maili za mraba, na wajukuu wa wengine wanazo mpaka leo. Mwaka ule ule Apolo alifanywa shemasi, akitumikia mbali na Buganda. Mwaka 1903 akapewa ukasisi. Hatuna haja ya kuwahukumu waliopata ardhi. Wengi wao walijenga makanisa na shule. Twasema tu kwamba ghala zilikuwa zinagawiwa, naye hakuwapo kwenye foleni.

Kule Boga chifu aliitwa Tabaro. Mwanzoni hakuyapenda mafundisho ya mgeni huyu, maana yaligusa pombe na wake wengi. Halafu likatokea jambo baya. Dada yake chifu aliangukia mkuki akafa, na lawama ikamwangukia Apolo. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa mbali, ng'ambo ya milima, hadi Fort Portal, akatiwa gerezani kwa kosa ambalo hakulitenda. Mtafakarini hapo, ndugu. Kama mtu huyu angepima maisha yake kwa mafanikio, angesemaje usiku ule? Hana cheo. Hana mke, hakuoa maisha yake yote. Hana ardhi. Kazi aliyoitendea imeharibika, na jina lake ni jina la muuaji. Ghala ilikuwa tupu mpaka sakafuni.

Mwenyewe alisimulia baadaye ya kuwa katika taabu hiyo alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yu pamoja naye. Hatutaki kujadili hapa maono ni nini. Twataka mwangalie alifanya nini alipofunguliwa. Hakurudi Buganda kutafuta kazi ya heshima. Alirudi Boga, kwa watu wale wale, kwa chifu yule yule. Na Tabaro, ambaye alimpeleka kifungoni, baadaye alibatizwa.

Mipaka ya wakoloni ilipochorwa, Boga ikaangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji. Apolo alitumikia Toro kwa miaka kadhaa, kisha akarejea huko na kukaa mpaka mwisho. Tangu mwaka 1921, akiwa si kijana tena, alianza kuingia msituni kwa Wambuti, watu waliodharauliwa na majirani zao wote. Mwaka 1922 alifanywa Canon. Twajua wenzetu wengine ambao wakishapata heshima kama hiyo hawaingii tena hata mtaa wa pili bila gari kutumwa. Yeye aliendelea kutembea msituni.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa aliagiza jambo moja juu ya kaburi lake. Desturi ilikuwa kulaza maiti kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa huko ndiko kazi ilikokuwa haijaisha. Mtu anayekufa akifikiri juu ya kazi ambayo haitamletea sifa yoyote, huyo amejengwa juu ya kitu kingine.

Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi, na mwaka 1992 Waanglikana wa nchi ile, ambao wengi wao husali kwa Kiswahili kama sisi, walipata jimbo lao wenyewe. Tusidhani hayo yalikuwa malipo ya Apolo. Alikwisha kufa miaka mingi bila kuyaona. Wala tusidhani wamestarehe. Tangu mwaka 1999 nchi ya Ituri imeteswa na vita mara kwa mara, watu wamekimbia nyumba na mashamba, na Kanisa limekimbia pamoja nao na kurudi pamoja nao. Wakumbukeni katika sala.

Je, tuache kusoma na kufanya kazi?

Tunajua kuna kijana atakayeufurahia ukurasa huu kwa sababu isiyo njema. Atamwambia mama yake, "Mwalimu ameandika vyeti si kitu." Hapana, mwanangu. Rudi darasani.

Paulo yule aliyevihesabu vyeti kuwa hasara alikuwa fundi wa kushona mahema (Matendo 18:3), na aliwaandikia Wathesalonike maneno makali juu ya watu wasiotaka kufanya kazi (2 Wathesalonike 3:10-12). Apolo alijenga na kulima kwa mikono yake. Umaskini wenyewe hauna utakatifu. Tumemwona maskini mwenye tamaa kali kuliko tajiri, naye husema "-angu" juu ya kuku mmoja. Kwa matajiri Paulo hamwambii Timotheo awaamuru watupe mali zao. Katika 1 Timotheo 6:17-19 anamwambia awaagize wasijivune, wasitumainie mali isiyokaa, bali watende mema na wawe wepesi kutoa. Na angalieni neno analolitumia hapo: kwa kutoa hivyo wanajiwekea msingi. Yusufu wa Arimathaya alikuwa tajiri, na kaburi lake jipya ndilo lililompokea Bwana (Mathayo 27:57-60). Mali yake ilipata kazi.

Neno hilo "msingi" latukumbusha zile nyumba mbili. Someni kwa Luka (6:46-49), maana Luka anaongeza jambo ambalo Mathayo hakuliandika: yule mwenye busara alichimba, tena alikwenda chini sana, mpaka akafikia mwamba. Kila aliyejenga anaijua gharama ya msingi. Fedha nyingi, mawe mengi, saruji nyingi, na mwisho unafukiwa; hakuna mgeni anayekuja kuusifia msingi. Husifia mabati na rangi. Katika nchi ya Palestina mabonde mengi hukauka kabisa wakati wa kiangazi, na mchanga wake huonekana mahali pazuri pa kujenga, tambarare, karibu na njia. Mvua ikija, bonde huwa mto kwa muda mfupi. Na mvua ile iliziangukia nyumba zote mbili. Bwana hakusema ya mwenye busara haikupigwa na mafuriko.

Hapo ndipo tunapotofautiana na mahubiri fulani yanayosikika sana siku hizi, kwamba ukiwa na imani ya kutosha utapata gari, na usipopata imani yako ni haba. Tunayaona kuwa mahubiri ya mchanga. Kama mali ndiyo ushahidi wa kibali cha Mungu, tumwambie nini Bwana mwenyewe, asiyekuwa na pa kulaza kichwa (Luka 9:58) na aliyezikwa katika kaburi la kuazima? Tumwambie nini Apolo mle gerezani? Tena, mahubiri hayo ni ya kikatili kwa mama aliyefiwa na mtoto, ambaye huenda nyumbani akijihukumu kwamba hakuamini vya kutosha.

Jambo la mtaa wetu

Twataka sasa kusema neno juu ya ibada zetu za shukrani. Ni desturi njema. Mtoto akifaulu mtihani, mtu akipandishwa cheo, akinunua gari, huja mbele na sadaka, kwaya huimba, kasisi humwombea. Tusiiache. Lakini hebu tuhesabu kama tulivyohesabu zile "-angu". Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, siku hizi huonekana kwenye simu, na kabla ya jioni habari imekwisha zunguka kijiji kizima. Jumapili inayofuata wazazi wa watatu wanasimama mbele na keki. Wale wengine wako wapi? Wengi wao hawaji kabisa kanisani. Tumewahi kwenda kumtazama binti wa namna hiyo nyumbani kwao. Alikuwa ameketi jikoni nyuma ya moshi ili asionekane. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, amepata Kipaimara, anaijua Katekisimu kuliko wengi. Alituuliza swali moja tu: kama kanisani nako wamekwisha sikia.

Swali hilo limetukaa moyoni. Alikuwa na maana kwamba amepoteza mahali pake kwa Mungu pamoja na mahali pake shuleni. Nani alimfundisha hivyo? Si Luka 12. Si Wafilipi 3. Amejifunza kwa macho, kwa kutuangalia ni nani tunaowaita mbele na ni nani tunaowawekea viti. Yakobo aliwaandikia Wakristo wa kwanza juu ya viti (Yakobo 2:1-4), na tukisoma mistari hiyo twaweza kudhani alipita mtaani kwetu wakati wa harambee.

Kwa hiyo tumeipelekea halmashauri ya mtaa pendekezo hili. Jumapili baada ya matokeo kutoka, vijana wote waliofanya mtihani waitwe mbele pamoja, waliofaulu na walioshindwa, bila kusoma alama za mtu yeyote, nao waombewe kwa sala moja. Umoja wa Mama wamekubali kuwatembelea nyumbani kabla ya siku hiyo wale ambao wataona haya kuja. Ndugu fundi seremala, ambaye naye ni mshiriki wetu, amesema yuko tayari kupokea vijana wawili kujifunza kazi, na mama mmoja mshonaji amesema atapokea mmoja. Kuna wazee waliopinga, wakisema walioshindwa wataona aibu zaidi kusimama mbele. Hoja yao ina uzito, nasi hatukuidharau. Ndiyo maana tumesema ziara za nyumbani zitangulie, na asiyetaka asilazimishwe.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya nyumbani

Tumeyaweka machache, wala msiyamalize kwa usiku mmoja.

Kwa nini Bwana alikataa kuwaamulia wale ndugu wawili, na ilhali alikuwa na hekima kuliko waamuzi wote? Je, katika ukoo wenu kuna urithi unaosubiri ugomvi? Mwenye mali, kama yu hai, ameandika wosia wake? (Kasisi yuko tayari kuwasaidia wasiojua namna ya kuandika.)

Someni Habakuki 3:17-19. Nabii anataja mazao na mifugo inayokosekana. Andikeni orodha yenu kwa vitu vya hapa kwetu, kahawa au mahindi au mshahara, kisha msome mstari wa 18 mara ya pili.

Wastaafu katika kikundi waulizwe: siku ulipokabidhi funguo ulibaki na nini? Vijana wasikilize bila kukatiza.

Juu ya lile pendekezo la Jumapili ya vijana wa mtihani, kila kikundi kiandike maoni yake, ya kukubali au ya kukataa pamoja na sababu, na kuyapeleka kwa katibu wa mtaa kabla ya mkutano wa halmashauri. Karatasi zisizo na jina la kikundi hazitasomwa.